Maoni Mengineyo

Jenereta limezimwa kuokoa dizeli.
Sista Eufrasia anajaza fomu kwa koroboi;
basi la alfajiri litapeleka bahasha Dodoma mjini.
Wafadhili wanauliza: wanufaika wangapi?
Wanawake. Wanaume. Walio chini ya miaka mitano.

Anaandika: mbuzi majike, ishirini na wanne.
Anaandika: pampu moja, mipira miwili ya akiba,
fundi kutoka Kigwe, nauli na chakula.
Stakabadhi ya fundi ni kipande cha boksi la sabuni.
Amekibandika juu ya karatasi nyeupe
kipate heshima.

Upepo wa Julai unapenyeza vumbi chini ya mlango.

Lakini Mama Nyemo amweke wapi?
Alipewa mbuzi mwaka jana, kabla ya mvua.
Jana kaja kwa miguu toka Mundemu
na kibuzi ndani ya kanga, masikio tu nje.
"Huyu si wangu," akasema. "Wangu ni yule aliyezaa.
Mpelekeeni Mchiwa, anayejifanya hana shida."
Sista anamwandika chini ya Mapato. Anafuta.
Chini ya Changamoto. Anafuta,
karatasi inaanza kutoboka.

Na mzee Chilongani aliyekataa unga?
"Nina ghala," alisema. "Ghala tupu nalo ni ghala."
Sista hakubishana. Alimwomba alinde stoo usiku,
ujira debe la uwele kila mwezi.
Sasa anakohoa huko nje, rungu mapajani,
akilinda magunia aliyoyakataa.
Mnufaika huyu, au mtumishi?

Ndani ya kitabu cha sala kuna barua,
ilikuja pamoja na mkataba, kurasa kumi na tisa za mkataba.
Barua yenyewe mistari mitatu, mwandiko unatetemeka:
mjane wa huko kwenye theluji
mwaka huu hakununua maua ya kaburi la mumewe,
fedha ameituma Bahi.
"Atanielewa," kaandika. "Hata yeye alipenda maji."

Mwisho wa fomu: Maoni Mengineyo.
Nafasi ya mistari miwili.
Koroboi linapepesa, mafuta yamefika chini.
Sista anaandika upesi, herufi zikipandana:

*Mwambieni mama wa maua kwamba maji
yana chumvi kidogo, ila yanatoka.*