Huyu

Saa zimekwisha Wete. Watu hutazama simu.
Droo yangu imejaa mishale isiyo na pa kwenda,
nami bado nina lenzi ya jicho, koleo ya ncha ya sindano,
na mkono usiotetemeka, alhamdulillahi,
almuradi sijanywa kahawa.

Basi Mbarouk aliporudi Maskati na kisanduku,
kifaru cha vita kimechorwa juu ya kifuniko,
akisema ni cha mjukuu,
nilishukuru, nikafunga mlango wa karakana.

Vipande mia mbili na kitu, rangi ya kisamvu kilicholala.
Mnyororo peke yake siku nne,
pingili kwa pingili, kila moja punje ya mpunga.
Moja iliruka. Nilitambaa sakafuni mpaka adhana ya alasiri.
Riziki akaikuta kwenye ufagio,
akaniwekea kiganjani kama kidonge:
"Haya, meza, upone."

Kukiunga si kazi. Kazi ni kukichakaza.
Kikiwa kipya kinasema uongo,
kama bwana harusi.
Ndani mlikuwa na karatasi ya rangi za kununua,
rangi ya kutu, rangi ya vumbi, rangi ya moshi.
Nilicheka peke yangu. Kutu, ninunue? Mie, wa hapa?
Nondo za dirisha la jikoni zinamenyeka maganda kama kitunguu.
Nikakwangua, nikasaga kwa chupa,
nikachekecha kwa kitambaa ambacho Riziki anakitafuta hadi leo.
Masizi, chini ya sufuria.
Vumbi, majivu ya vifuu.
Matope, udongo mwekundu wa njia ya Bopwe
uliokorogwa na gundi.

Halafu mikwaruzo: kipande cha sponji,
chovya, futa karibu yote, gusa.
Gusa tena. Sasa jizuie.
Hapo ndipo mkono hunogewa ukaharibu.
Kutu haikai popote tu; hufuata njia ya maji.
Na rangi huliwa pale mtu anapokanyaga akipanda,
pale anaposhika akishuka kwa haraka.

Anaposhika wapi?

Koleo ikabaki hewani.

Nikakiweka kwenye sinia, nikakifunika kawa,
watoto wa mtaa wakadhani mkate wa kumimina,
nikaenda kwa kaka yangu Shaame,
dereva, aliyevuka Kagera akarudi,
na miaka yote hii hajatueleza neno
ila kwamba usiku kulikuwa na baridi.

Alikigeuza. Akakisogeza puani.
"Kiko sawa hiki?" nikauliza.

"Huyu," akasema,
"alikuwa akivuja mafuta. Huku, kushoto."

Huyu. Kama anayetaja ng'ombe wake,
au mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Huyu asubuhi haamki mpaka umbembeleze.
Matope umezidisha. Sisi tulikula vumbi."
Akapitisha ukucha juu ya deraya, polepole,
ukasimama pembeni, nyuma ya taa.
"Hapa Songoro alikuwa akitia mguu. Kila siku hapa.
Nikamwambia pita upande wa pili, hasikii."

Songoro ni nani, sikuuliza.
Chai ilipoa. Kuku aliingia, akatoka.

"Na sufuria," akasema, "mbona hukuitundika?"

Nimerudi, nimekwangua matope ya Bopwe, karibu yote.
Kushoto nimetia tone la mafuta ya cherehani.
Nyuma ya taa nimesugua kwa kidole gumba, si kwa sponji,
mpaka rangi ikaisha,
kisha nikapaka unga wa penseli, pakang'ara
kama chuma kinavyong'ara kikizoea mguu mmoja.
Sufuria nimeifinya kwa karatasi ya fedha ya sigara,
mkono wake unywele wa shaba kutoka saa ya marehemu fulani,
na chini masizi ya sufuria ya kweli.

Imebaki jambo moja.
Ijumaa nikimpeleka nitauliza
kama ilikuwa na kifuniko.