Maji Yenye Rangi

Fuso la Chande limeingia Newala saa saba mchana
likikorota kama mgonjwa wa pumu,
magunia ya korosho mgongoni,
mlima wote wa kutoka Masasi kooni.
Utingo keshateremka, tambara mkononi,
anakimbilia kifuniko cha rejeta.

Acha!

Likapa, mwanangu, kaa hapo juu ya tairi bovu,
mung'unya bibo, futa jasho.
Unauona mkono huu, toka kiwiko hadi bega?
Hizi si chale za babu zangu wa Kimakonde.
Alinichanja Leyland, pale pale uliposimama,
nikiwa na umri wako na haraka yako.

Injini huguswa kama paji la mtoto mwenye homa:
kiganja, polepole.
Ikikubali, weka tambara, zungusha robo tu.
Ikifoka, simama.
Mwenye hasira mwache amalize maneno yake.

Chande anasema tangu Mtwara anatia maji ya kisima.
"Kwani maji si maji, fundi?"
Naam, kwa mwenye kiu.
Kwa chuma, maji ya chumvi yana meno.
Chungulia kichupa cha pembeni:
mekundu, mazito kama uji wa ulezi,
kutu ya miaka mitatu imejipikia humo.
Na mpira ule wa juu umevimba kama papai la juzi,
ungepasukia Kitangari, usiku, na mzigo wa watu.

Mama yangu aliteremka bondeni jogoo hajawika,
akapanda na ndoo moja jua likiwa utosini.
Ndoo hiyo tulipikia, tukanywa, tukatawadhia.
Kwa hiyo nikikukopesha maji ya gari
usinione mchoyo.
Nahesabu kwanza kiu ya nani ninaigawa.

Dawa yenyewe, dukani wameiandika: ya kuzuia barafu.
Barafu! Newala!
Sisi barafu tunaijua ya Bi Somoe,
ya ubuyu, shilingi mia.
Lakini itie nusu, na nusu maji safi yasiyo na chumvi,
uone mlima unavyopandwa mshale umetulia katikati,
na kutu inakosa pa kulala.

Ni ya kijani. Inapendeza machoni.
Na ni tamu.

Nilijuaje? Kwa mbuzi wa Bi Asumini.

Mwaka ule niliimwaga ya zamani kwenye karai,
nikaenda kuswali adhuhuri.
Huku kwetu maji hayaulizwi rangi:
ya vyombo ni ya mgomba,
ya kuoshea mchele ni ya mifugo.
Niliporudi, karai limelambwa, linang'aa.
Jioni mbuzi akitembea kama mlevi wa uraka.
Siku ya tatu akalala, yeye na mimba yake.

Nililipa. Elfu themanini, mkononi.
Bi Asumini hakuzihesabu.
Alinionyesha kopo la mjukuu wake
alilolikuta limelala ubavu kando ya karai.
"Lilikuwa kavu," akasema.
Akanyamaza.
"Lilikuwa kavu."

Ndiyo maana unaliona galoni lile, na kifuniko, na kufuli,
na fuvu nililolichora kwa mkaa,
maana mtoto wa miaka minne hasomi neno sumu.
Si chupa ya soda, Likapa. Kamwe si chupa ya soda.
Ikidondoka, mchanga juu yake;
mchanga kwenye mfuko, mfuko uteremke na Chande
hadi karakana kubwa Mtwara, wenye pipa lake.
Na mikono, sabuni, kabla hujashika mkate.

"Fundi, nifungue sasa?"

Naweka kiganja juu ya chuma.
Nje, mtu anapita na ndoo tupu kichwani,
anaimba.

Bado. Homa haijashuka.