Kijiti Chenye Alama Nyekundu

Alfajiri, kabla kwato hazijaamka,
naupanda mgongo wa tuta, hatua mia mbili na kumi na nne,
nikitafuta unyevu mahali pasipoutaka.
Tuta la udongo halianguki kwa kishindo.
Huanza kwa kutoka jasho.

Egwau alinifunza: inama, bandika kiganja,
ngozi husikia mapema kuliko jicho.
Udongo huu aliubeba yeye, karai kwa karai,
mwaka ule wa mahindi ya msaada,
akaushindilia kwa nyayo zake
na kwato za ng'ombe wa kuazima.
Leo yuko chini ya udongo mwingine, mwepesi zaidi,
nami nimerithi jembe, ufunguo wa lango,
na ugomvi na mchwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Hawakusema kwa trekta ya nani.

Huku kwetu Katakwi mafuriko hayana adabu ya mawingu.
Mvua hunyesha Karamoja, mbali huko,
sisi tukaletewa deni lake
usiku, nyota zote zikiwa kazini.
Ndivyo yalivyokuja mwezi wa tisa:
maji yakapanda kijiti, alama kwa alama,
yakagusa rangi nyekundu,
yakaanza kunong'ona na nyasi za ukingoni.

Chini ya lango, mpunga wa kaka yangu Ijala,
umeinamisha vichwa,
wiki mbili kabla ya mundu.

Nilisimama na ufunguo mkononi
kwa muda ambao sitamwambia mtu.

Kisha nikazungusha.
Gurudumu nililolipaka mafuta ya shea kila Jumamosi
halikulalamika hata kidogo. Laiti lingegoma.
Mizunguko kumi na minane,
na maji yakatoka bila kunishukuru.

Kulipopambazuka tuta lilikuwepo,
limeloa, limechoka, limesimama.
Mpunga haukuwepo.
Ijala alifika hadi langoni,
akalitazama gurudumu, akaitazama mikono yangu,
akarudi alikotoka.
Msimu mzima alinisalimu kupitia watoto.

Januari, jua lilipokausha mpaka visima,
na vitunguu vya kijiji kizima vikinyonya mfereji mmoja,
nilimkuta juu ya tuta kabla yangu,
amepiga magoti upande wa mashariki, penye mchwa,
kiganja ardhini.

"Hapa pana ubaridi," alisema, bila kugeuka.
Nikaweka mkono wangu karibu na wake.
Huenda ni umande, nikasema.
Huenda.

Alijifuta kiganja kwenye suruali.
"Zamu yangu ya maji ni lini?"

Alhamisi, nikamjibu.
Njoo na jembe.