Hesabu ya Chupa Tupu

Daftari ni la jalada la kijani, kona moja imeliwa na panya.
Nilikuwa utingo wa lori la bia, Moshi mjini,
miaka kumi na tisa juu ya kreti.
Kushusha zilizojaa haikuwa kazi:
zilizojaa hupokewa mlangoni kwa vigelegele.
Kazi ilikuwa kudai tupu.

Theluji Baa, Kiusa. Kreti nane, pungufu chupa tatu.
Mzee Kiwelu alichora mlima ukutani kwa mkono wake,
rangi nyeupe ikamwishia nusu ya Kibo.
Tulimcheka miaka yote ile, mbele yake, tukinywa vyake.
Leo pale panauzwa dawa za mifugo,
na mlima umebaki nyuma ya kabati la chanjo.
Nikitoka nje nikatazama Kibo chenyewe
simcheki tena mzee Kiwelu.

Mwangaza, Majengo. Kreti sita. Wamelipa.
Sasa ni kanisa, lina spika nne.
Mchungaji namjua kwa sauti:
ndiyo ile ile iliyokuwa ikiita, "Zungusha tena, kwa jina langu!"
Sisemi kitu. Natoa sadaka, naondoka.

Mwaka bei ya kahawa ilipoanguka
kurasa zote ni wino mwekundu.
Chupa moja, wanaume wawili,
imesimama katikati ya meza
kama mtoto anayegombewa na shangazi zake.
Mwaka ule zilikufa baa tano.
Majina yake ninayo. Ya wenyewe, mawili sina.

Msaranga kwa Mama Aisia hatukushusha kitu.
Tulipunguza mwendo tu, dereva akameza mate.
Mbege haina chupa, haina deni la tupu:
kata inakwenda, kata inarudi.
Anaonja kwanza yeye, mbele ya macho yako,
ujue hamna sumu humu, wala kinyongo.
Mama Aisia tulimzika. Kilabu kipo.
Kata imekuwa jagi la plastiki, jekundu, limepasuka mdomo,
ila binti yake bado anaonja kwanza.

Na hapa, ukurasa umelowa kitu, sijui mvua, sijui bia:
Relini, kwa Ndeanka. Kreti kumi na mbili.
Alifungua treni ikipiga honi, akafunga ikishapotea.
Treni ilipoacha kuja
aliendelea kufungua kwa saa ile ile, miezi saba,
akifuta meza, akipanga bilauri,
akisikiliza upande wa Kahe.
Siku ya mwisho alinipa moja, ya moto, hakukuwa na barafu.
"Kunywa, utarudisha chupa."
Nikanywa nimeegemea tairi. Lori likawashwa.
Nikaondoka nayo mkononi.

Treni imerudi siku hizi.
Imekuta uzio wa mabati na mbwa.

Mwezi jana nikaambiwa mjukuu wake ana baa, Pasua.
Haina jina, ina namba ya kulipia imebandikwa dirishani.
Nikaifunga chupa kwenye gazeti, nikashika njia kwa miguu.
Msichana akaigeuza, akaichungulia shingo.
"Babu, hizi hatupokei. Kreti za sasa haziingii."
Nikamwambia sidai hela. Nimeandikiwa, nataka kufutiwa.
"Umeandikiwa na nani?"

Nikafungua daftari. Mwandiko ni wangu.
Mwingine hakuna.

Upepo ulikuwa unapigapiga mlango, wateja wanalalamika.
Akaijaza maji kwenye pipa, akainama,
akaisimamisha pale chini, mlango ukatulia.
"Haya, utakunywa nini?"

Nikaomba kalamu kwanza.
Wino wake ulikuwa wa bluu.