Kuni za Julai

Wanasema pesa ya serikali humfuata mtoto.
Nami niliiona ikienda:
asubuhi moja ya theluji, hapa Lonquimay,
ilipanda basi jeupe pamoja na mjukuu wangu Nahuel,
ikashuka mjini, penye lango la chuma
na sare ya buluu yenye nembo ya simba mwenye taji.
Milimani kwetu hakuna simba, wala mfalme.

Fomu niliitia sahihi mimi, Eduvigis,
mfagizi wa shule aliyoihama.

Walikuwa thelathini na wanne. Sasa kumi na mmoja.
Lakini jiko la darasani halijui hesabu hiyo,
linakula kuni zilezile;
paa linavuja palepale,
na mwalimu Painemal hawezi kufundisha theluthi ya somo.

Jioni Nahuel hunisomea kwa sauti, hakwami.
Nafurahi. Kweli, nafurahi.

Kisha saa kumi na moja alfajiri naingia bandani,
nachanja kuni, kipande kwa kila mtoto,
na nikishafika kumi na moja
mkono unakwenda wenyewe,
unachanja cha kumi na mbili.