Neno la Kutaisi

Nimempigia Nevenka kodiani miaka kumi na tisa,
najua kila lugha aliiokota wapi:
Kislovenia kwa mama, jikoni, Trieste;
Kiitalia barabarani, matusi kwanza;
Kigiriki kwa daktari wa meno aliyekuwa akimdai;
Kireno kwa dobi mmoja wa Lisboni,
aliyemfunza kukamua irabu kama shuka mbichi,
wewe huku, mimi huku, mpaka tone la mwisho.

Magazeti yakaandika: malkia wa lugha tisa.
“Tisa za kuimbia,” akasema.
“Ya kuombea mkopo benki sina.”

Tulilala stesheni. Tulilipwa jibini.
Mume wa kwanza aliondoka na gari la vyombo,
wa pili na vyombo.

Kisha Kutaisi: ukumbi wa baridi, watu arobaini,
wengine na makoti yao.
Akakosea neno.
Ajuza wa safu ya tatu akasimama na mkoba wake,
akamsahihisha kwa sauti,
kama anayemrudishia mtu chenji yake.
Nikaacha kupiga.
Nevenka akashuka jukwaani, akapiga magoti,
akakikazia macho kinywa cha yule mama:
Tena. Tena.
Wimbo hatukuumaliza usiku ule,
na hakuna aliyedai kiingilio chake.

Sasa ni mwaka wa pili tangu wamkate koo.
Hukaa roshani, juu ya duka la rangi,
akinisikiliza nikifanya mazoezi.
Jana alinikatiza. Akaliandika neno lile
nyuma ya bili ya umeme,
akanionyesha kwa midomo, bila sauti.
Tena, akaashiria. Tena.
Mimi, ambaye sijaimba hata bafuni.