Bendera za Chama Gani

Alikuja Mbokomu mwezi wa pili, mvua haijaanza,
mfupi, kifua kama pipa,
viatu vimeshonwa mara mbili kwa uzi wa hema.
Siku sita tulikuwa mlimani, yeye na mgeni wake, mimi na mizigo yao.
Nikamwambia, kabla hujapanda ndege, njoo nyumbani ule ndizi.

Bibi Ndeshukurwa akauliza jina.
"Dawa," akajibu.
Bibi akacheka mpaka akashika mlango:
"Mtu mzima anaitwa Dawa! Ya kuchemsha au ya kumeza?"
Nikamfasiria. Kwao ni mwezi, ule wa juu.
Bibi akatulia.
"Basi na aingie. Mwezi haupigi hodi."

Nyuma ya banda la kahawa pana masale,
duara lisilozidi kitanda cha watu wawili,
na jiwe katikati, kama mtu aliyechoka kusubiri kuitwa.
Chini yake yupo baba wa babu,
uso wameuelekeza Kibo.
Mchungaji amesema tung'oe.
Binamu Elinaja amesema tusing'oe, tuzungushie kamba,
watalii walipe dola tano kumwona bibi akimimina mbege.
Bibi hajasema kitu.
Humimina alfajiri, kabla ya kengele ya usharika,
kisha huvaa kitenge cha kwaya
akaenda kuimba sauti ya pili.

Dawa hakuambiwa na mtu.
Alivua kofia, akaanza kulizunguka,
bega la kulia upande wa jiwe,
mara moja, mara mbili, mara tatu,
midomo ikichezacheza kama ya anayehesabu deni.
Bibi akanishika mkono, kucha zikaingia:
"Nani amemfundisha? Mama yangu alizunguka hivyo hivyo."
Na baada ya muda:
"Ila yeye alianzia huku."

Jioni, tukimenya ndizi, alisimulia
kwa Kiingereza chake cha mlimani, nikakipokea kwa changu cha mlimani:
kwao kuna mnara wa mawe uliopakwa chokaa,
taa ya siagi imekuwa balbu,
mtawa anakata tiketi,
watoto wameshuka mjini, huomba radhi kwa simu,
na barafu inarudi kinyumenyume
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Bibi akatazama juu. Kibo kulikuwa na ukungu.
"Na huko nako?"
Hilo tu.

Asubuhi akatoa begini kamba ya vitambaa,
buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano,
vimejaa maandishi kama sisimizi.
Akaifunga kutoka kwenye sale hadi kwenye mparachichi.
Ni sala, akasema. Hazisomwi na mtu. Husomwa na upepo.
"Upepo wa huku umesoma shule gani?" akauliza bibi,
ambaye hadi leo huweka dole gumba
kwenye karatasi za chama cha ushirika.
"Basi tuko darasa moja."

Balozi wa nyumba kumi alifika kabla ya chai.
"Mama, hizi bendera za chama gani?"
"Mgombea wake amelala pale," bibi akasema. "Hana haraka."

Dawa aliondoka na kipande cha sale
kwenye soksi iliyolowa maji.
Nilimweleza: huku ukimkosea mtu unampelekea jani hili,
naye hawezi kukataa kukusamehe.
Aliniuliza kama linafanya kazi kwa mlima.
Sikuwa na jibu. Nilimbebea begi hadi stendi.

Mwaka umepita na nusu.
Mchungaji bado anasema. Elinaja ameshanunua kamba.
Jana imeingia picha kwenye simu:
kopo la rangi mguuni pa mnara mweupe,
ndani yake kijiti cha kahawia, kimeinama.
"Limekauka," ameandika. "Hatujalitoa."

Nikatoka nje nimpigie picha ya kwetu.
Nyekundu imekwisha. Nyeupe imebaki uzi.
Bibi amesimama chini yake na kibuyu,
ananipungia mkono kama anayefukuza kuku:
nisogee,
namzibia upepo.